Chaji ya Rimoti

Luton, Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Sanduku la marehemu limefika leo. Mkewe kalileta mwenyewe kwa gari, akakataa hata kikombe cha chai. Alisema tu kwamba vitu hivi vikibaki darini vitaoza, naye hataki vioze. Mumewe nilimjua kule mlimani, Ivinghoe Beacon, mtu wa maneno machache aliyekuwa akirusha glaida zake hata siku ambazo wengine tulijikunyata ndani ya magari. Ndani ya sanduku mna rimoti nne, zote za 35 MHz, chaja mbili za ukutani, na mfuko wa kitambaa uliojaa pakiti za betri.

Nimeanza na rimoti iliyoonekana safi kuliko zote. Nje inang'aa, vijiti vinarudi katikati bila kulegea, antena inavutika yote. Nimefungua kifuniko cha nyuma. Unga mweupe umeota kwenye kona mbili za pakiti, na waya wa hasi umevimba kidogo chini ya ganda lake. Nimeukata sentimita moja, nikachuna ganda: shaba nyeusi ti. Nimekata tena sentimita tano mbele. Bado nyeusi. Weusi umetambaa mpaka kwenye swichi.

Seli za nikeli-kadimiamu hubeba maji ya potasiamu haidroksaidi. Zikizeeka, au zikiachwa miaka bila kuchajiwa, maji hayo hupenya kwenye kizibo na kuifuata shaba ya upande wa hasi, polepole, chini ya ganda ambako macho hayafiki. Waya wa namna hiyo haushiki lehemu hata uupake dawa vipi. Hatari yake ni kwamba bado hupitisha umeme kidogo: sindano ya mita ya rimoti itapanda, rimoti itawaka mezani, nawe utaona mambo yote sawa. Kisha siku moja, ndege ikiwa mita mia mbili kutoka ulipo, waya unakatika wenyewe.

Nimetia tone la siki juu ya ule unga mweupe, ukatoa povu. Hiyo ndiyo alkali iliyokutana na hewa ikawa kaboneti. Glovu, miwani, dirisha wazi. Waya wote nitautoa, swichi pia, na vishikio nitavisugua kwa siki, kisha maji, kisha spiriti. Bodi yenyewe haijaguswa. Alhamdulillah.

Jumapili, 6 Oktoba

Mfuko wa kitambaa nimeumwaga mezani baada ya chai ya asubuhi. Sikutegemea nilichokikuta. Kila pakiti ina utepe wa karatasi, na juu ya utepe kuna tarehe na namba, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Nainakili moja hapa nzima, pakiti ya seli nane, volti 9.6, ya kiwandani 600:

Machi 1998, 625. Novemba 1999, 610. Februari 2002, 570. Oktoba 2004, 515. Oktoba 2005, 460.

Chini ya 460 kapiga mstari, akaandika kwamba hii isipande tena mlimani.

Namba hizo ni miliampia-saa alizozipima kwa mkono wake, si zile zilizochapwa na kiwanda. Miaka saba na zaidi ya uhai wa betri moja imo kwenye utepe wa sentimita sita. Aliistaafisha ilipoteremka chini ya asilimia 80, na 80 ndicho kipimo ambacho watu wengi wa fani hii hukifuata. Nimekaa na utepe huu mkononi muda mrefu. Kule mlimani nawaona watu wanaobembeleza betri za ndege zao, wanazipima kila seli na kuzibeba kwenye mifuko isiyoshika moto, na rimoti waliyoishika mkononi hawajui ina umri gani ndani. Ndege ikiishiwa umeme wa mota, rubani bado ana usukani na ataitua. Rimoti ikizimika, hana kitu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzima ya kupima.

Ukiweka mita kwenye betri iliyokaa bila kazi, inakujibu kama mtu yeyote anavyojibu "hujambo": sijambo. Hata mgonjwa husema sijambo. Mpe gunia alibebe ndipo umjue. Kwa hiyo kila pakiti nimeipa mzigo: rezista ya omu 39 ya wati 5, ambayo kwa volti 9.6 hula kama miliampia 245, yaani zaidi kidogo ya rimoti yenyewe, maana rimoti za zamani za 35 MHz huchukua takriban 200 antena ikiwa imevutwa. Saa ya ukutani, mita, kalamu.

Pakiti ya kwanza baada ya kuchajiwa ilisoma volti 10.4, namba ya kupendeza. Nilipounganisha rezista ikateremka hadi 9.3 ndani ya dakika moja. Baada ya saa moja na dakika kumi ilikuwa imefika 8.0, yaani volti moja kwa seli, na hapo nikaikata. Ukipiga hesabu kwa mkondo uliokuwa ukipungua, ni kama 270 mAh. Pakiti ya 600 iliyo nzima ingeendelea karibu saa mbili na nusu.

Kukata kwenye 8.0 si woga. Seli nane zilizofuatana kwenye mstari mmoja hazilingani nguvu. Ukizikamua hadi mwisho, ile dhaifu huisha kwanza, na wenzake saba huendelea kuusukuma mkondo kupitia ndani yake kinyumenyume. Chanya hugeuka hasi. Seli iliyogeuzwa hivyo mara moja mbili hairudi kuwa seli. Nimesikia watu wakisema betri za nikeli lazima ziishe kabisa kabla ya kuchajiwa, ati zisije zikakariri. Hiyo imani imeua pakiti nyingi kuliko huko kukariri kwenyewe. Rimoti hata haipewi nafasi ya kukariri, kwa sababu matumizi yake hayafanani siku mbili mfululizo.

Hadi magharibi nilikuwa na pakiti mbili tu zinazostahili kubaki, nazo ni za nikeli-haidraidi. Za kadimiamu zote zimekwisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimepeleka za kadimiamu dukani. Sheria ya hapa Uingereza inalilazimisha duka linalouza zaidi ya kilo 32 za betri ndogo kwa mwaka lipokee zilizokufa bila malipo. Nimefunga ncha zote kwa utepe kwanza. Kadimiamu ikiingia ardhini huingia kwenye maji, na mwilini hukaa kwenye figo miaka mingi. Ulaya iliibana kwenye betri ndogo kwa sheria ya 2006, na sioni sababu ya kuilalamikia. Lakini Waldemar Jungner wa Sweden, aliyeibuni seli hii mwaka 1899, alitengeneza kitu kilichovumilia baridi na kupuuzwa kwa zaidi ya karne moja. Heshima yake tumpe.

Tepe za marehemu nimezibandua kabla ya kuziaga pakiti. Zimo kwenye bahasha nyuma ya daftari hili.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma usiku. Jua linazama mapema mno, msimu umekwisha kwa wengi.

Mlimani leo upepo wa kaskazini-magharibi, mzuri, thabiti. Mwenzetu mmoja alikuwa na manung'uniko. Kanunua seli nane mpya za nikeli-haidraidi za 2000 mAh za kuweka kwenye rimoti yake ya zamani, akazichaji usiku kucha, na kengele ya rimoti ikaanza kulia baada ya saa mbili na kitu. Kwa hiyo seli ni bandia, anasema, kaibiwa.

Nikamwomba anionyeshe chaja. Ni ile ile iliyokuja na rimoti miaka ishirini iliyopita, miliampia 50. Chaja hiyo ilitengenezwa kwa pakiti ya 500 au 600: moja ya kumi ya ujazo kwa saa, muda wa saa kumi na nne hadi kumi na sita, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto na huna budi kuizidishia betri kama nusu ya ujazo wake. Kwa usiku mmoja wa saa kumi na tano humimina 750, na kinachobaki ndani ni kama 500. Kuijaza pakiti ya 2000 kwa chaja ile kunataka saa 60, siku mbili na nusu. Seli zake ni nzuri. Hazijapata kushiba hata siku moja.

Akaniuliza kama achomeke chaja yake kubwa ya kisasa kwenye tundu la rimoti. Nikamwambia aitoe pakiti nje kwanza. Rimoti nyingi zina diodi nyuma ya tundu la kuchajia, ya kuzuia umeme usirudi, na diodi hiyo humfumba macho chaja janja: haiwezi kuzipima seli zilivyo wala kuzikamua. Isitoshe, njia za shaba kwenye bodi ni nyembamba kama uzi na hazikukusudiwa ampia mbili. Na kuna jambo la plagi. Watengenezaji hawakukubaliana ncha ya katikati iwe chanya au hasi, na plagi zenyewe hufanana kwa umbo. Kabla ya kuchomeka chaja ya rimoti moja kwenye nyingine, mita kwanza.

Alisikiliza vizuri. Anarudi nyumbani kuchaji kwa siku mbili na nusu, au kununua chaja ya miliampia 200.

Ijumaa, 15 Novemba

Mpwa wangu kapiga simu kutoka Mombasa baada ya Ijumaa. "Shikamoo mjomba," halafu moja kwa moja kwenye betri, hana subira. Yeye na wenzake pale Tudor wanaendesha majahazi madogo kwa rimoti, yenye matanga ya kweli na servo ya kukaza kamba. Lake kalichonga mwenyewe kwa miezi. Na juzi maji yalipokuwa yanatoka, rimoti ikazimika. Risiva haikupata amri, servo ikaganda ilipokuwa, jahazi likafuata mkondo kuelekea bahari kuu. Mvuvi mwenye mtumbwi ndiye aliyelirudisha.

Rimoti yake inatumia seli mbili za lithiamu, zile za 18650. Zimeandikwa 9900 mAh. Kazinunua duka moja mjini, jozi kwa bei ya seli moja.

Nimemwambia aende kwa sonara yeyote amwombe mizani.

Jumapili, 17 Novemba

Kapima: gramu 31 moja, 32 nyingine. Basi jibu limepatikana. Jina 18650 ni vipimo tu, milimita 18 za upana na 65 za urefu, na ndani ya kopo la ukubwa huo seli ya kweli hufika gramu 45 hadi 48. Nyingi zilizo nzuri hukaa kati ya 2500 na 3500 mAh. Hakuna anayepata 9900 humo. Gramu kumi na tano zilizokosekana ni za vitu vyenye kazi: utepe wa shaba, alumini, grafaiti, na ile oksidi yenye kobalti.

Kobalti hiyo nyingi inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yake, kwa watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki wakishuka mashimoni. Kila nikishika seli ya lithiamu nalikumbuka hilo, na nachukia zaidi kuona betri inatupwa baada ya mwaka kwa sababu mwenyewe hakuitunza. Seli ya lithiamu ukiikinga na volti 3.0 kwa chini na 4.2 kwa juu, na ukaihifadhi kwenye 3.8 hivi unapoiweka kando, itakaa nawe miaka. Ukiiacha imejaa pomoni kwenye kabati la joto, inazeeka bila kufanya kazi yoyote.

Mpwa wangu nimemwambia azitoe kabisa zile mbili, asiziuze wala asimpe mtu. Nitamtengenezea rimoti moja ya marehemu. Nadhani mkewe atafurahi kusikia ilikokwenda.

Jumamosi, 7 Desemba

Swali la wiki hizi: ndani ya rimoti ya Mombasa iingie betri gani?

Kwanza nimetoa moduli ya 35 MHz. Mawimbi hayo hapa yametengwa kwa ajili ya ndege za mfano, si kwa mashua, na enzi zile kila mtu alining'iniza kigingi chake ubaoni ili wawili wasishike namba moja hewani. Mahali pake nimeweka moduli ya 2.4 GHz. Rimoti yote sasa inakula miliampia 160.

Lithiamu ya chuma-fosfeti ilinivutia. Seli tatu zinatoa volti 9.9, zinaingia mahali pa 9.6 bila kubadili kitu, hazina kobalti, na hazishiki moto kwa urahisi. Lakini volti yake hukaa palepale tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha huporomoka ghafla. Sindano ya rimoti hii iliwekewa mstari mwekundu kwa ajili ya nikeli, inayoteremka kidogo kidogo na kukupa nafasi. Kwa chuma-fosfeti sindano itasimama penye kijani mpaka dakika za mwisho. Mtu mwenye mazoea ya kuandika saa zake ataiweza. Kijana aliyezama kwenye mashindano hataiweza. Tena inataka chaja yake maalumu, na pakiti za lithiamu peke yake haziruhusiwi kwenye posta ya kwenda nje.

Kwa hiyo nikeli-haidraidi, ile ya aina isiyovuja. Sanyo waliitoa Japani mwaka 2005 kwa jina la eneloop, na nakumbuka tulivyokuwa na mashaka nayo. Nikeli-haidraidi ya kawaida hupoteza robo ya chaji kwa mwezi ikiwa imelala tu, na joto huongeza kasi hiyo. Uliichaji Jumamosi, ukaipeleka mlimani baada ya wiki tatu, ukadhani una rimoti iliyojaa. Hizi za aina mpya baada ya mwaka mzima bado zina sehemu kubwa ya kilichowekwa. Kwa rimoti, kifaa kinachokaa rafuni siku nyingi kuliko siku kinazofanya kazi, sijui uvumbuzi uliotufaa zaidi ya huo.

Nimenunua nane zenye masikio ya kulehemu. Sitaki kisanduku cha springi. Katika kisanduku seli nane zina miguso kumi na sita, na kila mguso hushika kutu yake, hasa penye hewa ya chumvi. Mguso mmoja ukiyumba rimoti inazimika na kuwaka tena, na rimoti ya kompyuta ikizimika nusu sekunde huanza upya kabisa.

Kazi yenyewe nimeifanya baada ya isha, meza nzima nikiwa nayo. Seli nimezipanga nne nne, kichwa kwa mkia, nikazibana kwa utepe. Sikio la nikeli nalipaka dawa, naweka chuma cha moto sekunde mbili tu, lehemu inakimbia na kung'aa, naondoa. Ukikaza chuma sekunde kumi unakipika kizibo cha seli, na hutajua hadi mwaka ujao. Kila kiungo nimekiacha na kitundu kidogo kwenye plastiki ya kufunika, upana wa sindano ya mita, ili kila seli iweze kupimwa peke yake bila kuvunja pakiti. Waya mpya wa silikoni. Utepe wa karatasi ubavuni, na mstari wa kwanza: Desemba 2024, 1960.

Alhamisi, 26 Desemba

Mapumziko. Mvua. Nimekagua zilizolala: za nikeli zote juu ya volti 10, jozi zangu za lithiamu 3.8 kila moja. Hakuna la kuandika zaidi.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Barafu kwenye nyasi za Beacon mpaka saa tano asubuhi. Tulikuwa wachache. Rimoti yangu ya lithiamu niliiweka ndani ya ule mfuko mkubwa wa kuingiza mikono, na hata hivyo kipimo chake kilishuka haraka kuliko kawaida. Baridi haiili chaji, inaizuia isitoke. Ukiingia ndani ya gari lenye joto namba inapanda tena, nayo hukufanya uamini kwamba bado unayo nyingi. Mwenzangu alitaka kuichaji yake papo hapo kutoka kwenye betri ya gari, na nikamzuia: seli ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi sifuri haichajiwi. Metali ya lithiamu hujipaka ndani badala ya kuingia mahali pake, na madhara hayo hayafutiki. Aliipasha joto kwanza ndani ya koti.

Rimoti ya Mombasa niliichukua ili kuifanyia jaribio la masafa. Nguvu imepunguzwa, hatua thelathini, mtu mwingine ameshika jahazi la majaribio. Servo ilitii kila mahali nilipogeuka.

Jumapili, 2 Februari

Rimoti imeondoka. Mtu wa kwetu anakwenda Mombasa kufunga Ramadhani na wazazi wake, kakubali kuibeba kwenye mkoba wa mkononi. Swichi nimeifunga kwa utepe isijiwashe safarini.

Maagizo niliyomwandikia mpwa wangu yalikuwa marefu, ila jambo moja lilinifikirisha zaidi: umeme wa kukatika. Chaja niliyompa ni ya miliampia 200, haina akili yoyote, inataka saa 15 au 16. Tukiiunganisha na taima ya ukutani ya kuzunguka, ile ya mota, umeme ukikatika taima nayo inasimama, na ukirudi inaendelea ilipoachia. Saa za kuchaji zinabaki zile zile. Chaja zenye taima ya kielektroniki nyingi huanza kuhesabu upya kila umeme unaporudi, na usiku wenye kukatika mara tatu unaweza kuipika betri iliyokwisha kujaa. Kitu cha bei ndogo ndicho kinachofaa pale. Ila aitoe taima ukutani asubuhi, maana ikizunguka siku nzima itaanza tena.

Na betri isichajiwe kwenye chumba chenye bati la moto mchana. Nikeli-haidraidi ikipata joto sana haipokei chaji, inaigeuza joto jingine. Usiku, karibu na dirisha, juu ya sakafu.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani ya nne hapa. Mpwa wangu kapiga kabla ya daku kwao, sauti yake imejaa furaha ya kazi. Hana rezista ya omu 39, kaenda kwa fundi magari akaomba balbu ya volti 12, wati 5, ile ya taa ndogo. Kaunganisha na mita ya ampia: wastani wa 0.37. Kakaa nayo kuanzia baada ya tarawehe hadi volti 8.0 zilipofika. Saa tano na dakika kumi. Hesabu kaipiga mwenyewe, 1910 mAh, akaiandika kwenye utepe chini ya namba yangu. Upungufu wa 50 kutoka Desemba ni mdogo mno hata siulizi umetoka wapi. Vipimo viwili vya mikono miwili havilingani hivyo kila siku.

Kijana huyu anafaa. Hakuniuliza betri ni nzuri ama mbaya. Alinipa namba na tarehe.

Nimemwambia aichaji, aiweke kabatini, asiiguse mpaka mwisho wa mwezi ukaribie, kisha arudie kwa balbu ile ile.

Jumapili, 23 Machi

Matokeo: saa nne na dakika hamsini na nane. 1840 mAh, baada ya zaidi ya wiki mbili katika joto la Mombasa bila kuguswa. Haikupoteza hata asilimia 4. Kwa miliampia 160 hizo ni saa kumi na moja za rimoti. Nimemwambia asihesabu kumi na moja. Ahesabu tano, achaji. Wana mashindano yao baada ya Idi na maji ya Tudor hayasubiri mtu.

Lakini safari hii kafanya jambo ambalo sikumwagiza. Dakika ya mwisho, balbu ikiwa bado inawaka, kaingiza sindano ya mita kwenye kila kitundu. Seli saba ziko kati ya 1.02 na 1.03. Ya tano, ukihesabu kutoka waya mwekundu, iko 0.84.

Anataka kujua kama aikate aweke nyingine. Hapana, si leo. Seli mpya katikati ya zilizozeeka pamoja huleta kutolingana kwingine. Nimemwambia aitie alama ya wino mwekundu, aichaji pakiti yote polepole kwa saa 16 kamili, kwa sababu kwa mkondo mdogo zilizojaa huitoa ziada kama joto na iliyo nyuma hupata muda wa kuwafikia wenzake. Kisha arudie balbu, na mwishoni asome ile ya tano kwanza. Ikisogea 0.95 au zaidi, inarekebishika. Ikibaki pale pale, jahazi lisiingie majini na pakiti hiyo, nami nitatengeneza nyingine. Seli nane ninazo tayari.